Pole Iliyokatazwa

Jumanne, 9 Agosti 1994
Nimeanza kazi ya usaili. Mtaalamu wetu, Bwana Joakim, katoka Mwanza na gari la mradi. Tunatafiti kama wahudumu wa zahanati wana huruma kwa akina mama wanaojifungua pale. Mimi nawauliza hao akina mama. Masharti: soma swali kama lilivyoandikwa, usitikise kichwa, usiseme pole. Nikauliza, hata pole? Akasema hata pole — mtu ukimhurumia atakupa majibu ya kukufurahisha. Ajabu! Lakini ina mantiki.

Leo wote wamejibu kuwa huduma ni mhola duhu, nzuri tu. Ndivyo sisi Wasukuma tunavyojibu salamu hata kama nyumba inaungua. Kesho nawafuata majumbani. Nataka kujua.

Jumatano, 10 Agosti
Kwa Nyanjige. Mume wake, Mwandu, yuko Bariadi anawafuatilia wanunuzi binafsi wa pamba, hawa wapya wa msimu huu. Mama mkwe yuko uani anatenga pamba safi na fifi, ile yenye madoa. Eti hao wapya wanachanganya yote, lakini yeye hawezi kuacha. Kanitania: "Msomi, mikono yako haina kazi?" Nikakaa, nikachambua. Hilo halijakatazwa.

Nyanjige akaanza kuongea mwenyewe. Mwaka jana alijifungulia zahanati. Sista Felisita akamgombeza sana. Mtoto akafariki siku ileile. Akanitazama.

Nikasoma swali linalofuata: Je, mhudumu alijitambulisha kwa jina?

Mama mkwe akaacha kuchambua. Nyanjige akajibu mhola. Maswali yote yaliyobaki — mhola.

Ana mimba tena, kubwa. Miguu imejaa, uso umevimba, anasema kichwa kinamgonga. Nikamwuliza kuhusu kliniki, ingawa hilo halimo kwenye maswali. Kasema pale harudi.

Ijumaa, 12 Agosti
Ile miguu haitoki akilini. Jirani yetu Wilhelmina alianza hivyohivyo, kikaja kifafa cha mimba. Hakupona.

Nimemwambia Bwana Joakim. Si mkatili; aliweka kalamu chini kwanza. Kisha kasema tukianza kuwapeleka wagonjwa, tutakuwa tunapima huruma yetu sisi, siyo ya zahanati. Matokeo yakitoka yatawasaidia wengi. Yatatoka lini? Machi. Nyanjige hana Machi!

Mchana nimekaa na Sista Felisita. Sikutaja jina la mtu. Nimeuliza tu: mtoto akifariki, mnamwambia nini mama yake?

"Nimwambie nini, mdogo wangu? Nikitoa pole, ndugu zake watasema nimekiri kosa. Tumeonywa. Mwaka jana kuna mmoja, nilimgombeza asukume, mtoto alikuwa anachoka. Alipofariki nikaenda nyuma kufua mashuka. Nikafua hata yaliyo safi."

Kumbe naye ana masharti yake. Nilitamani kumpa pole na yeye. Sikumpa.

Jumapili, 14 Agosti
Baada ya misa nimekwenda kwa Nyanjige, bila karatasi. Nikamwambia: pole kwa mtoto, nilipaswa kusema Jumatano. Mama mkwe: "Hee! Kumbe msomi ana mdomo." Nyanjige akacheka, akalia, halafu akauliza kama nimekula.

Nikamweleza kuhusu miguu na kichwa, sikumficha. Akasema kilichomuuma si kugombezwa. Mama mkwe humgombeza kila siku (mwenyewe kaitikia, bila aibu). Kilichomuuma ni kutoka pale na khanga tupu, na asiwepo hata mmoja wa kumwambia neno. Atakwenda, ila nisimwache mlangoni. Nimekubali. Bwana Joakim sijamwambia. Labda kesho sina kazi.

Jumatatu, 15 Agosti
Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati. Nyanjige kaniegemea, kichwa kinamuuma kuliko jana. Watu wengi. Gari la mradi limesimama ng'ambo ya barabara. Bwana Joakim ametuona. Hajashuka.

Sista Felisita anapita na mashine ya presha. Asubuhi yote anawapima watu akiwa amesimama: nyoosha mkono, mama, haraka, usinipotezee muda.

Sasa kafika kwetu. Kamwona Nyanjige. Kamtambua — kile kitambaa cha kufunga mkononi kimebaki kinaning'inia.

Hajasema pole. Amepiga goti, vile tunavyowasalimu wakubwa. Au ni kwa sababu benchi ni fupi? Lakini ni benchi lilelile la wote.

Nyanjige hajanyoosha mkono. Anamtazama tu. Sista bado yuko chini, anasubiri —