Ovaroli Aliyovaa Mpiga Picha

MAELEZO YA SHAHIDI: SHAURI LA UMILIKI WA PICHA ZA KIWANDA CHA VIOO

Jina: nafahamika kwa wote kama Mama Chupa
Umri: miaka 47
Kazi: mkaguzi wa chupa kiwandani
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda

Mnamo tarehe 9 Machi, saa mbili asubuhi, meneja alimleta mpiga picha kwenye chumba cha tanuri. Alisema, "Huyu ni mtu wa nje. Anatupigia picha za kalenda, akimaliza anakwenda zake." Mpiga picha alikuja na kamera yake, taa zake na shati jeupe, utadhani anakwenda harusini. Cheche ya kwanza ikalitoboa. Stoo hapakuwa na ovaroli ya ziada, nikampa ya mume wangu, yenye nembo ya kiwanda kifuani. Mume wangu aliacha kazi baada ya mwanga wa tanuri kumharibu macho. Nguo yake ilibaki kabatini mwangu, sikuwa na moyo wa kuitupa.

Alipiga picha hadi adhuhuri. Hakuna aliyempangia asimame wapi wala apige nini.

Mnamo tarehe 2 Juni, saa kumi jioni, mimi na wenzangu tulikwenda kwenye maonyesho yake. Kalenda ilishatoka, imejaa chupa tu. Ukutani tulikuta picha kubwa kuliko mlango: wapulizaji vioo watatu, mashavu yamevimba, na kioo chekundu kinaning'inia mbele yao kama tone la asali. Miaka yote napita pale kwenye tanuri nikiwazia mgongo wangu unaoniuma. Siku ile ndipo nilipowaona. Fundi mkuu, mtu asiyeishiwa utani, alivua kofia akasema, "Kumbe ndivyo tulivyo." Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Akaniambia, "Hebu rudia."

Wiki iliyofuata meneja aliniita. Alisema picha zote ni mali ya kiwanda, na ile lazima ishushwe na kufutwa kwa kuwa inaonyesha wapulizaji hawana miwani ya kinga. Alinionyesha picha ya pamoja ya siku ile ya Machi, mpiga picha yumo ndani ya ovaroli. "Si sare yetu hii? Basi alikuwa mwajiriwa. Kaseme hivyo, mama, usije ukamwaga unga."

Sajini anayeandika maelezo haya amenieleza kwamba shauri zima limesimama hapo: kama aliajiriwa au alikuja kwa kazi yake. Mimi hakimiliki siijui. Ovaroli naijua, ni ya mume wangu. Kiraka cha kiwikoni nilikishona mwenyewe, na kwenye picha ya meneja kinaonekana. Nimekuja na ovaroli yenyewe.

Naogopa, sitaficha. Lakini picha ile ikifutwa, nani ataamini macho ya mume wangu yalipotelea wapi?

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyathibitisha. Nimepokea ovaroli moja kama kielelezo. Nilimjulisha kwamba maelezo haya yatasomwa mbele ya mwajiri wake. Alijibu, "Asomewe polepole."