Tiki ya Juzuu ya Kumi na Saba

Jumatano, baada ya adhuhuri. Joto la kaskazi limetubana, hata paka wa Kibokoni wamelala chali vibarazani. Simu yangu iko juu ya friji, kimya. Haikuharibika. Nimeinyamazisha mwenyewe kwa mikono yangu hii miwili, na anayetaka kununa na anune.

Naandika kwa hasira kidogo, mniwie radhi nyinyi wasomaji wangu kumi na mmoja. Tangu Jumapili nimeitwa majina. Nimeitwa mwenye kiburi, nimeitwa mgonjwa, na jirani mmoja ameuliza kama nimeachika. Niachike na nani? Mume wangu yuko melini miezi sita sasa, na katika watu wote ndiye peke yake ambaye hajalalamika, kwa sababu yeye akinitaka hupiga simu.

Hebu nieleze nilivyokuwa. Nilikuwa na magrupu ishirini na matatu. La ukoo upande wa mama, la ukoo upande wa baba, na la pande zote mbili ambalo lilianzishwa ati kupunguza magrupu. La wazazi wa madrasa, la wazazi wa skuli. La maji ya mtaa, ambapo maji yakija watu wapongezana, yasipokuja watu wagombana. La harusi ya binti wa rafiki yangu, aliyekwisha kuolewa na sasa ana mtoto anayetembea, na bado kila asubuhi kuna mtu atuma maua. La Bwana Kassamali wa duka la vitambaa, ambaye kitambaa chake chamfikia mteja kwa picha kabla hakijashushwa garini.

Mimi ni mpishi wa nyumbani, napika kaimati, mikate ya sinia na sambusa za oda. Kwa hivyo nilijiambia simu ndiyo kazi, siwezi kuizima. Uongo mtupu. Wateja wangu hawazidi ishirini, na wote wajua kupiga simu.

Ilifika hadi nasikia mlio hata pasipolia. Nikioga nausikia. Nikiwa katika sala, Mola anisamehe, nausikia, na moyoni nabahatisha: huyo ni Zuhura, huyo ni mtu wa maji.

Lakini si hayo yaliyonifikisha hapa. Ni aibu. Na aibu yenyewe sijaiandika popote hadi leo.

Ijumaa iliyopita ilikuwa hitma ya mama yangu, umetimia mwaka tangu atutoke. Siku hizi hitma za kwetu twazisoma kwa simu. Binamu yangu Zuhura, msimamizi wa grupu la ukoo, huweka orodha ya juzuu zote thelathini za Msahafu. Kila mtu aandika jina lake mbele ya namba, asoma kwake kwa wakati wake, akimaliza atia tiki. Tiki zikitimia thelathini, yasomwa dua na watu waitikia Amin. Kwa jamaa walioko Maskati na Uingereza ni jambo la kheri, sina neno. Mimi nilichukua juzuu ya kumi na saba.

Asubuhi hiyo nilikuwa na oda ya kaimati mia mbili za watu wa akika ya mtoto. Mafuta yamechemka, mkono wa kulia umejaa unga hadi kifundoni, na simu yalia ubavuni mwa jiko. Kila anayemaliza juzuu yake, orodha nzima yarudi upya, majina yote thelathini, na nyuma yake Mashallah kumi. Orodha, Mashallah, orodha, Mashallah. Saa tano Zuhura akaandika: "Zimebaki mbili, ya tisa na ya kumi na saba. Hebu jamani, tusimcheleweshe marehemu."

Haikupita dakika tatu: "Imebaki moja."

Hakutaja jina. Atajeje, na jina langu liko pale peke yake halina tiki, mtoto wa marehemu mwenyewe?

Nikatia tiki.

Niliitia kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa kuwa ndicho kilichokuwa hakina unga. Nikajiambia nitaisoma baada ya sala ya adhuhuri, nani atajua. Papo hapo dua ikatumwa kwa sauti, dakika nne nzima, na watu wakaitikia Amin. Nami nikaitikia Amin. Kisha nikageuza kaimati zangu zisiungue.

Sikuisoma baada ya adhuhuri. Sikuisoma baada ya alasiri. Sikuisoma Jumamosi. Wallahi sikuacha kwa makusudi, nilisahau, simu ilikuwa imekwishaingia habari nyingine. Nilisahau juzuu ya mama yangu.

Jumapili nilipanda stuli kutafuta sinia kubwa juu ya kabati, mkono ukagusa sanduku. Wanawake wa rika la mama katika mtaa huu walijua sanduku hili. Ndani mna vitabu thelathini vya jalada la kijani, kila juzuu na kitabu chake. Zamani mtu akifiwa, hili ndilo lililoazimwa kwanza, kabla ya masufuria. Wanawake huketi chini ukumbini, kila mmoja na kitabu chake mkononi. Aliyemaliza mapema hachukui buibui lake akaenda zake, huchukua kurasa za mwenziwe aliyechelewa akamsaidia. Asiyejua kusoma naye huja, huketi, huitikia dua. Sikuwahi kusikia mtu akikemewa kwamba anamchelewesha marehemu.

Nikalifungua hapo hapo juu ya stuli. Vitabu bado vyanukia udi wa mama. Nikakiona cha kumi na saba, ndipo nikakumbuka, nikashuka nacho mkononi.

Nikatawadha, nikaketi nisome.

Simu ikalia. Maji yamekuja. Ikalia. Maji si mengi. Ikalia. Nani aliyesema yamekuja, mbona kwetu hakuna? Aya ya kwanza niliirudia mara nne, na mara ya tano nikauona mkono wangu ushaifuata simu, nami sikuutuma. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Nilimkasirikia mtu wa maji, nikamkasirikia Zuhura, nikaukasirikia mkono wangu mwenyewe.

Nikafunga kitabu, nikaingia kwenye mipangilio ya simu. Kuwasha arifa hakuna anayekufundisha, zaja zenyewe. Kuzizima ndiko kuna kazi, wapitishwa mlango baada ya mlango. Una hakika? Nina hakika. Utapitwa na mambo muhimu. Yanipite. Tukukumbushe baadaye? Aka! Nikazima milio, nikazima mtikisiko, nikazima kitaa kinachomeremeta, nikafuta na zile namba nyekundu zinazokutazama kama mwenye kukudai. Halafu nikajitoa katika magrupu, moja baada ya jingine, pamoja na lile la ukoo. Nimebakisha la madrasa na la skuli, na hayo pia hayana sauti, nayatazama mara moja kwa siku nikipenda. Simu ya kupigwa ndiyo pekee inayolia.

Kisha nikasoma. Nilianza baada ya alasiri nikamaliza jua likikaribia kuchwa, maana kusoma kwangu ni kwa polepole. Katikati nililia. Nilimlilia mama, na nililia kwa kuwa sikukumbuka mara ya mwisho nilipoketi na jambo moja hadi likaisha.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kujitoa katika grupu kwaandikwa pale kila mtu aone, fulani amejitoa, na ukoo mzima ukawaka. Jumatatu Zuhura akaja mwenyewe, jasho lamtiririka, amepanda ngazi zangu ambazo hakuzipanda tangu matanga. Hata salamu aliitoa nusu. "Umejitoa katika grupu la mamako? Watu waniuliza mimi nimekukosea nini!" Nikampa maji ya ndimu, akanywa, nami nikamwambia kweli yote kuhusu tiki. Akainamisha kichwa. Akasema nisimwambie mtu, limepita, Mungu aangalia nia. Nia ipi, Zuhura? Nia yangu wakati ule ilikuwa kuinyamazisha simu.

Nilipomwambia nakwenda Ganjoni kwa Khalati Rukia kukiri, alishtuka kupita kiasi. Sikuelewa kwa nini.

Jana nikaelewa. Khalati Rukia ni mdogo wake mama, ndiye aliyebaki peke yake katika dada zake. Nikambusu mkono, nikaketi, nikayasema yote kwa pumzi moja kabla sijaogopa. Akanitazama kwa yale macho yake ambayo siku hizi yaona vivuli tu.

"Na ya tisa ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Yako, Khalati."

"Ebo! Nami nitaisoma kwa macho gani? Zuhura ndiye anitiliaye tiki. Huniambia, Khalati, wewe pumzika, nimeshakutilia. Nikadhani ndivyo mambo yalivyo sasa." Akatafuta mkono wangu, akaushika. "Sasa dadangu amesomewa na nani?"

Huenda wale ishirini na wanane walisoma herufi kwa herufi, mimi si wa kuwashuku. Lakini sijui, na hata mwenye orodha hajui, yeye huona tiki tu.

Kwa hivyo nimeamua. Kesho Alhamisi, baada ya alasiri, mama atasomewa hitma upya, hapa nyumbani kwake, kwa vitabu vya sanduku lake. Na sitatuma ujumbe. Asubuhi ya leo nimevaa buibui nikapita mlango kwa mlango, kama walivyokuwa wakipita waalikaji zamani, nagonga, natoa salamu, nasema: kesho alasiri, kwetu, hitma ya mama. Mmoja aliniuliza mbona nasumbuka na jua lote hili. Mwingine alitaka nimtumie ramani, na yeye alizaliwa mlango wa tatu kutoka kwetu! Wengi walisema inshallah, na hapa Mombasa inshallah yaweza kuwa naja, na yaweza kuwa usiningoje.

Nilipofika hapa katika kuandika simu ikalia, mlio wa kupigwa. Zuhura. Alikuwa akilia, amekwisha kwenda Ganjoni kuomba radhi. Lakini hata katika kulia kwake aliniambia, "Hawaji watu bila kukumbushwa, nakwambia. Ujumbe mmoja tu, nitauandika mimi, wewe hata usijue." Nikasema la. Atakayekuja kwa kusukumwa na simu, na akae kwake na simu yake, ukumbini simu haziingii. Kisha akauliza simu zitawekwa wapi.

"Kuna kapu mlangoni," nikamwambia.

Akakata. Sijui kama atakuja.

Naogopa, sitaficha. Naogopa ukumbi mtupu, Khalati Rukia ameketi kwenye mkeka asikia hakuna anayeingia. Mara tatu tangu nianze kuandika nimeitazama friji. Ningeweza kurudi katika grupu sasa hivi, wangenikaribisha kwa maua na mikono iliyokunjuliwa, na kufikia magharibi ningekuwa na majina thelathini na tiki za kutosha. Sitaki. Nimeshapata tiki thelathini mara moja, na nimeona thamani yake.

Vitabu nimevipanga mkekani kwa namba. Wakija thelathini, ahlan wasahlan, kaimati zipo. Tukiwa wawili, nitasoma ya kwanza, kisha ya pili, na ikichukua mwezi mzima basi uwe mwezi mzima, wenye oda watangoja. Ya tisa nitaisoma kwa sauti, Khalati akiwa ameishika kwa mikono yake. Siku nitakayofika mwisho nitavirudisha vitabu sandukuni nifunge kwa utepe wa mama, na hakuna simu ya mtu yeyote itakayolia kumwambia kwamba nimemaliza.

Sehemu ya maoni hapa chini nimeifunga. Mwenye neno na apande ngazi.

Kesho, mama, wasomewa kweli.