Bei ya Mashine za Baba Mkwe

Jumanne, 7 Juni 1994

Habari kubwa Kyela mjini! Mtu wa Mbeya, Hezroni, ananunua mashine kuukuu za kamari, zile za kuvuta mkono picha zizunguke. Hoteli mpya za Dar zinazitaka. Na sisi tunazo mbili! Baba mkwe alikuwa mhudumu wa klabu ya Wazungu, machimboni Chunya. Klabu ilipofungwa, mshahara wa mwisho wakamlipa mashine. Moja imebeba redio, imefunikwa kitambaa cha kufuma — na baba mkwe ni mzee wa kanisa! Nyingine kuku wanatagia.

Hezroni anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee kamwambia mume wangu Anyitike: yeye anataka bei ya ng'ombe mmoja tu, elfu hamsini. Kitakachozidi ni chetu. Kizidi nini, kama mwenyewe ataanzia hapo hapo kwenye ng'ombe! Jirani yetu Ambrose anauza mashine yake ya kukoboa mpunga laki tatu. Nimechoka kutwanga. Nimechoka kabisa.

Ila nitamwambiaje Mzee? Mkamwana wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe. Miaka tisa sasa, akitokea huku mimi naingia migombani. Jina lake silitaji. Hata hapa siliandiki.

Alhamisi, 9 Juni

Mzee kaenda baraza la kanisa. Nikaingia kwake kukagua, Anyitike akilinda mlangoni. Nikatumbukiza shilingi ya mkoloni, nikavuta mkono. Krrrr — picha tatu za kengele zikajipanga! Shilingi zikamwagika, kelele mpaka kwa jirani. Anyitike akaita: baba huyo! Nikatokea mlango wa nyuma, kanga ikanasa msumarini, ikachanika. Si neno. Inafanya kazi! Ile ya kuku imekufa, lakini vyuma vya ndani vizima. Vitauzika kama vipuri.

Jumapili, 12 Juni

Binamu yangu Lusungu kavuka mpaka kutoka Karonga, Malawi, na sabuni zake za kuuza. Anasema Lilongwe mashine mbovu ilikwenda kwa bei ya ng'ombe watano. Nzima, kumi! Na msipake rangi, wanunuzi wanapenda ukongwe. (Anyitike alishanunua kopo la kijani ili zing'ae. Hapa kwetu hata baiskeli haiuzwi bila kupakwa. Kopo limerudi dukani.)

Lusungu hukuza kila kitu mara mbili, hata mamba aliowakimbia. Basi nagawa kwa mbili: mbovu laki na ishirini na tano, nzima laki mbili na nusu. Toa ng'ombe wa Mzee — ya Ambrose inapatikana na ya soda inabaki!

Anyitike kafikisha hesabu kwa baba yake. Jibu: mkeo ana utani.

Jumatano, 15 Juni

Natwanga. Malengelenge. Anyitike anakariri ya kumwambia Hezroni: anza laki nne, shuka polepole. Anatetemeka utadhani anauzwa yeye.

Jumamosi, 18 Juni

Naandika jikoni, harakaharaka. Hezroni yumo ndani na Mzee na mama mkwe. Ukuta ni wa mianzi, nasikia yote. Ndaga, ndaga nyingi za kusalimiana. Kisha Hezroni kavuta mkono wa mashine, akavuta tena. Kaipenda! Halafu eti makopo haya, mzee wangu, elfu sitini zote mbili.

Na Anyitike? Katumwa soda!

Mzee akakohoa kidogo. Kikohozi hicho nakijua, anataka kukubali. Sikuweza kuvumilia. Mbuzi kafungwa hapa mlangoni, nikamfokea kwa sauti yote: We mbuzi! Mwenzio Lilongwe kaenda laki mbili na nusu, mbovu, wewe mzima unajiuza elfu sitini?

Nimemvunjia heshima, nikajua nitarudishwa kwetu! Mama mkwe akaguna, nadhani kaziba kicheko. Hezroni akasema haya, laki mbili.

Mzee hakusema ndiyo. Kasema: Subiri, mgeni. Hapa kwangu bei anapanga mbuzi. Tumsikie.

Miaka tisa hajawahi kuuliza mimi nasemaje! Nalia na kucheka pamoja. Wote wananingoja. Niseme laki nne — au tano?