Kwa Wifi Magreti, Juu ya Kupasuliwa Tena

Wifi yangu Magreti,

Nilirudi kule hospitali ya misheni. Najua ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu, ndiyo maana nimeanza nalo. Nilikwenda mwezi wa sita, tulipokwisha kupura uwele, na kaka yako alinisindikiza. Nilikwenda kumwomba daktari anipasue mara ya pili, alirudishe tumbo langu kama Mungu alivyoliumba. Nitakueleza yote, ila univumilie mwandiko. Tangu ulipoacha kukaa kando yangu kwenye darasa la kisomo, hakuna wa kunipiga kiwiko nikiruka herufi.

Naanzia mbali kidogo, maana tangu ufe sina mtu wa kukumbuka naye. Kaka yako unamjua, ukimkumbusha jambo anajibu "ndiyo" halafu anatoka kwenda kutazama ng'ombe.

Unakumbuka tembe la mama yako, kule kwetu kwa zamani, kwenye yale mawe makubwa? Ulikuwa umerudi nyumbani mjane, huna mtoto, na mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Nilikuogopa. Walikuwa wameniambia wifi huyu ana ulimi. Asubuhi moja ukanikuta natapika nyuma ya zizi, ukafurahi, ukadhani ni mimba. Kisha ukatazama nilichotapika, ukauona mlenda wa jana yake, haujabadilika hata kidogo. Ukasema, "Hii si mimba, wifi. Hiki ni chakula kilichokosa njia."

Daktari naye alisema vivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Alituchorea kwenye karatasi kitu kama kibuyu. Akasema vidonda vya siku nyingi vimeacha makovu, na makovu yameziba mdomo wa chini. Akachora mlango mwingine ubavuni, akauunganisha na utumbo. Chakula kitapita hapo, akasema. Wewe ndiye uliyeuliza kama mlango huo utakuwa na komeo. Daktari akacheka tu. Baadaye tulijua kwamba swali lako lilikuwa la maana kuliko tulivyodhani.

Majuma matatu ulikaa kule kuniuguza. Ulilala kwenye banda la wauguzaji pamoja na wanawake wa kutoka Manyoni na Itigi, ukapika kwenye mafiga yaleyale nao, na jioni ulikuja kunisimulia nani kamwibia nani kuni. Mshono uliniuma nikicheka, na wewe hukuacha kunichekesha.

Tuliporudi, tembe halikuwepo. Ulikuwa mwaka wa kuhamishwa. Vijana walikuwa wameshabeba mapipa na milango kwenda kijiji kipya kando ya barabara, na mama alikuwa ameketi juu ya jiwe la kusagia, hataki kuondoka. Kila mtu alikuwa anasema operesheni, operesheni. Ukanitazama na mshono wangu, ukasema, "Wifi, serikali imehamisha nyumba yako na daktari amehamisha tumbo lako. Twende tukaone huko waendako." Hata mama alicheka, akainuka juu ya jiwe.

Kutapika kuliisha. Kwa hilo namshukuru daktari mpaka leo. Lakini ule mlango kweli haukuwa na komeo. Siku ya kwanza kijijini tulipewa chai ya sukari ya kutukaribisha. Nikanywa kikombe kizima. Kabla sijakiweka chini, moyo ukaanza kwenda mbio kama nimefukuzwa na fisi. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, tumbo likaunguruma, nikalala palepale kwenye vumbi mbele ya wageni. Nikadhani nakufa. Baada ya muda kama wa kuteka maji na kurudi, ikaisha. Kesho yake ikaja tena kwa uji. Kesho kutwa kwa ugali.

Hakuna aliyetuambia la kufanya. Ulilitafuta mwenyewe, wifi, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, unafuata nyayo. Ulinipa uji, ukanitazama. Ulinipa ugali mkavu bila maji, ukanitazama. Ulikuwa unanishika mkono hapa kwenye kiwiko, unasikiliza moyo. Ndipo ukajua: sukari ni adui, hata asali. Maji yasiandamane na chakula, yasubiri. Ugali uwe mgumu, matonge manne, basi. Yai, karanga, maziwa ya mgando, kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Nikimaliza, nilale kwa ubavu mpaka mwili utulie. Ukiniona nanyoosha mkono kwenye tonge la tano, ulikuwa unasema, "Acha, wifi. Njaa haijaenda mahali, utaikuta."

Kula mara sita ilikuwa rahisi nyumbani. Kwenye shamba la kijiji ndiko kulikokuwa na taabu. Wanawake wote tulikula kwenye chungu kimoja, kwa haraka, kisha tukarudi kwenye mistari yetu. Nani angeelewa mtu anayekula matonge manne halafu anajilaza? Siku zile neno kupe lilikuwa halitoki mdomoni mwa watu. Asiyefanya kazi ni kupe, anayekula jasho la wenzake ni kupe. Nilimsikia Mama Agripina akilisema mgongoni kwangu, na Mama Agripina ni mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, akisema yeye ni kama wamesema wengi.

Ndipo ukaanza kupoteza vitu. Kila tukimaliza kula ulisimama na kusema kwa sauti, "Wifi, njoo unisaidie kutafuta jembe langu." Tulikwenda nyuma ya kichaka, ukatandika kanga yako, nikalala, ukakaa kunifukuzia nzi huku ukipiga soga. Jembe ulikuwa umelilaza kwenye nyasi wewe mwenyewe. Miaka minne, Magreti. Sijui ni mara ngapi umelipoteza jembe lile kwa ajili yangu.

Siku tatu tu za kichomi zikakuchukua. Mvua ilikuwa imekata barabara, mganga wa zahanati alifika kwa miguu akiwa ameloa, na sindano yake haikufaa kitu. Usiku wa mwisho ulisema unasikia baridi mgongoni, ukaniambia nisogee. Nikasogea. Hukusema neno jingine la maana, na mimi sikusema. Nimekasirika na hilo mara nyingi. Watu wengine wanapewa wosia. Mimi nilipewa mgongo wako tu, niupashe joto.

Sasa nikuambie kilichofuata, na usinigombeze.

Niliacha kila kitu ulichonifundisha. Si kwa kusahau. Nilikuwa naona haya. Bila wewe hapakuwa na wa kuniita nyuma ya kichaka, nikaona heri nile kama wenzangu. Nilikula ugali wangu wote, nikanywa maji kwenye kibuyu kikipita, nikasimama. Mara nyingine nilifika kwenye mstari wangu, mara nyingine nilianguka njiani. Nilikuwa nakimbilia vichakani kuhara, nikirudi nakuta wamekwisha kunipita mbali. Mwaka mzima hivyo. Kitenge changu cha maua, kile tulichonunua pamoja Singida mjini, kilikuwa kinanizunguka mara mbili na pindo likabaki. Wakaanza kusema nimerogwa. Wengine wakasema ni wewe uliyekufa unanivuta. Hilo liliniuma kuliko kupe.

Siku nilipoanguka nimembeba binti yangu Ester mgongoni, nikaamua. Nikamwambia kaka yako nataka kupasuliwa tena, mlango ule ufungwe. Akatoka kwenda kutazama ng'ombe, akarudi. Kisha akasema lori la ushirika linapita Jumatatu.

Daktari ni yuleyule, ila amezeeka. Alinipima uzito, akanipima tena kama mtu asiyeamini mizani. Akasema inawezekana. Anaweza kuufunga mlango aliouweka na kuupanua ule wa zamani. Lakini vidonda vinaweza kurudi, akasema, na mwili wangu ni dhaifu, hawezi kuniahidi kwamba nitaamka. Aliyasema hayo akimtazama kaka yako. Nikamwambia, "Niambie mimi. Tumbo ni langu." Wifi, sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nafikiri ulikuwa wako. Daktari akageuza kiti, akanieleza upya, taratibu, mpaka nikaelewa.

Nikakubali hata hivyo. Nilichoka.

Sista akaleta karatasi na kidau cha wino wa kuwekea dole gumba. Nikamwambia najua kuandika. Akanipa kalamu, nami nikaanza kusoma kwanza, kidole kikifuata mstari, kama tulivyofundishwa. Nilisoma jina la ugonjwa, sikulielewa. Nilisoma kwamba nakubali mwenyewe bila kulazimishwa. Halafu nikafika mahali palipoandikwa "Ndugu atakayemuuguza", na mbele yake nafasi tupu.

Hapo ndipo kalamu ilipokataa. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuanza herufi ya jina lako.

Nililia, Magreti. Sikulia hivyo siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa na kazi ya kupikia watu.

Sista akadhani naogopa kisu. Kaka yako ndiye aliyeichukua ile karatasi, akaitazama, akasema, "Andika jina langu." Nikamwambia mwanaume hakai banda la wauguzaji, na tena hajui ninachokula. Akasema, "Nifundishe."

Basi nikaanza kumwambia, palepale mbele ya daktari, maana daktari hakutoka. Matonge manne ya ugali mgumu. Maji yasubiri. Sukari hapana, asali hapana. Yai, karanga, mgando. Mara sita. Kulala kwa ubavu. Nilisema kila kitu kwa maneno yako, hata ile ya njaa haijaenda mahali. Nilipomaliza, daktari akaniuliza ni nani aliyenifundisha hayo. Nikasema ni wifi yangu. Akauliza wifi amesomea wapi. Nikasema hakusoma, alikuwa ananitazama tu.

Kisha akaniuliza swali moja. "Na sasa unayafanya?"

Nikasema hapana.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokufa."

Akaikunja ile karatasi, akaiweka kwenye saraka ya meza. Akasema hataniwekea kisu kwa ugonjwa ambao dawa yake ninayo na nimeacha kuitumia. Nirudi nyumbani miezi mitatu, nifanye kama wifi alivyosema, nisiache hata kimoja. Nikirudi nikiwa bado hivi, au nikiwa bado nataka, atanipasua.

Nilikasirika. Nilipanda lori na hasira zangu mpaka nyumbani. Niliona nimenyimwa. Lakini kaka yako alikuwa amesikia kila neno, na unamjua, neno likimwingia halitoki. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni. Simoni, mtoto wa mama yako, jikoni. Alikuwa amesonga ugali mgumu kama tofali, amekata matonge manne, ameyapanga kwenye sahani kama mbegu. Chumvi alikuwa amesahau. Nikala. Akanishika mkono kwenye kiwiko, hajui anasikiliza nini, akauliza, "Hapa ndipo?" Nikamwonyesha.

Tulipoanza tena kazi ya shamba la kijiji, nilibeba chakula changu kwenye kikapu. Wenzangu walipozunguka chungu nikakaa nao, nikala changu, nikatandika kanga palepale mbele ya macho yao, nikalala. Moyo ulikuwa unanidunda, na safari hiyo si kwa chakula. Nikawaeleza nikiwa nimelala vivyo hivyo, natazama juu, maana nisingeweza kuwatazama usoni. Nikawaambia nimepasuliwa tumbo, kuna mlango umewekwa, nikila nisipolala nitaanguka, na nikiinuka nitafanya kazi mpaka mwisho kama yeyote.

Kisha Mama Agripina akasema, "Tulijua mna jambo. Hakuna jembe linalopotea kila siku kwa miaka minne." Kikundi kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka, machozi yakaniingia masikioni. Wapo ambao bado wananong'ona. Siku mbili baadaye Mama Agripina mwenyewe aliniletea mayai matano, akayaweka mlangoni, akaondoka bila kuaga. Hakuomba radhi. Mayai tuliyala.

Miezi mitatu ilipokwisha nilirudi hospitali. Mizani ilikuwa imepanda, si sana. Bado kuna siku naanguka, wifi, sitakudanganya. Wiki iliyopita nilionja togwa kwenye ubatizo na nikaliona kaburi. Daktari akafungua saraka, akaitoa ile karatasi, akauliza tuichane au tuihifadhi. Nikamwambia aihifadhi. Sitaki kisu sasa. Sijasema sitakitaka kamwe.

Magreti, wifi, mwenzangu. Kaburi lako tumelizungushia mawe, na mwaka huu mvua haikulibomoa. Ester sasa anasema kila kitu, ana ulimi kama wako, Mungu amsaidie mume wake. Upumzike. Mimi nakuahidi jambo moja tu, maana mengi nitashindwa: kama siku moja nitalala tena juu ya meza ile, itakuwa kwa sababu tumbo langu limenishinda. Haitakuwa kwa kuona haya mbele za watu. Kwa sababu ya kuona haya, sitapasuliwa tena.

Mimi wifi yako akupendaye,
Yulita