Azimio Nililolitunga kwa Mzaha

Beechmont, Louisville. Jumapili, Novemba. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu.

Hii ni chai ya tatu ninayokunywa peke yangu, na hamu ya chakula sina. Shajara yangu ya mtandaoni, leo nina jambo la kukiri, na sitaki kulizungusha kama nilivyozoea.

Kuna Mwingereza mmoja wa karne iliyopita, mwandishi wa riwaya za kejeli, ambaye watu wa vyuoni hawachoki kumwandikia makala. Wanasema ucheshi wake umeingia kwenye televisheni, kwenye magazeti, hata kwenye namna watu wa maofisini wanavyosengenyana. Nakubali. Tena mimi nina ushahidi ambao maprofesa hawana: wiki mbili zilizopita, hapa Louisville, mzee aliyefiwa na mkewe aliketishwa mlangoni katika nyumba yake mwenyewe, na chanzo ni mwandishi huyo pamoja na mimi.

Mwandishi huyo nilikutana naye vitabuni, huko Buffalo, miaka yangu ya kwanza Marekani, nilipokuwa nikiishi chumba kimoja mtaa wa Kensington-Bailey. Theluji ilikuwa inapanda mpaka dirishani. Sina ndugu karibu, sina jirani wa kumwomba chumvi. Maktaba ya mtaani ilikuwa inagawa vitabu vikuukuu, nikabeba vyake vitano. Aliwaanika wakubwa wa kwao bila kuinua sauti, utadhani anasoma taarifa ya habari. Nilicheka mpaka mpangaji wa chini akagonga dari. Kwake nilijifunza kwamba mtu mpweke anaweza kukaa pembeni, akawacheka wenzake, na watu wakaona ni akili.

Baadaye nikahamia huku kwa kazi ya ghala, nikaangukia kanisa la Wakongo, watu wa milima ya Kivu Kusini. Mimi ni Mtanzania, mwalimu wa zamani wa sekondari. Wakongo hawa wana heshima ya ajabu kwa Kiswahili cha kwetu. Sijamaliza hata mwezi, Mama Furaha, mwenyekiti wa kamati ya misiba na sherehe, akaniita.

"Mwalimu, weye utatuandikia," alisema. "Sisi Swahili yetu ni ya nyumba tu. Yako ni ya kitabu."

Nikawa katibu. Kila tangazo na kila muhtasari wa kikao hutoka kwangu, na jambo likishaandikwa kwa Kiswahili changu hakuna anayelihoji tena. Nilijua hivyo. Nilikuwa napenda hivyo.

Sasa Mama Furaha ana kasoro moja ndogo: hawezi kupitisha siku bila kuwakumbusha watu kwamba alifika Marekani zamani. "Sisi tulikuya wakati hata unga ya fufu haikukuwa ku magasin," ndiyo salamu yake, yaani walikuja hata unga wa fufu haujaingia madukani. Nikaona hapa pana kichekesho. Nikaketi, nikatunga kwenye blogu hii muhtasari wa kikao ambacho hakikuwahi kufanyika. Kamati, niliandika, imeazimia kwamba kuanzia sasa msibani watu wataketi na kuzungumza kwa kufuata mwaka waliofika Marekani, wa zamani mbele karibu na picha ya marehemu, wa juzi karibu na mlango. Juu kabisa nilieleza kwamba ni mzaha. Chini nikaandika: Katibu.

Mtu mmoja akanakili, akaacha yale maneno ya juu, akayatupa mengine kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa.

Niliona. Nilicheka. Nikanyamaza.

Nilijiambia hakuna mtu mzima atakayeamini. Lakini wengine walidhani kamati imekaa bila wao, na wanakamati wenyewe kila mmoja, hata Mama Furaha, alidhani ni yeye aliyekosa kikao. Siku nne baadaye binamu yangu wa Columbus akapiga simu kunieleza kwamba hata kanisa la huko limesikia "utaratibu mpya wa Louisville" na wanaufikiria. Badala ya kushtuka, nikavimba kichwa. Kumbe na mimi maandishi yangu yanavuka majimbo!

Kisha mke wa Mzee Yakobo akafariki.

Mzee Yakobo na mkewe walifika mwezi wa nne mwaka huu. Nyumba yao iko mtaa wa nyuma ya kwangu. Nilipoingia msibani nilimkuta Mama Furaha ameshika karatasi, azimio langu limechapishwa vizuri, anawapanga watu kwa upole kabisa. Mimi niliye na miaka tisa huku nilipewa kiti kizuri, hatua mbili kutoka kwenye picha ya marehemu. Mwenye msiba alikuwa kwenye stuli karibu na mlango. Kila mgeni aliyeingia, Mzee alikunja miguu kumpisha, na baridi ikampiga yeye kwanza.

Nilitazama nyuso zote nikitafuta hata mmoja anayetabasamu. Hakuna. Walikuwa wanatii, kwa sababu Mwalimu ameandika. Na Mwalimu hakusimama. Mwalimu alikula sambusa mbili.

Wiki mbili nimekwenda kazini na kurudi, nimekwenda na kurudi. Nimejitetea kwa kila hoja ninayoijua. Leo, baada ya ibada, zikaniishia, nikaenda kwa Mzee.

Alinipa kiti kikubwa, yeye akakaa kitandani, maana kitanda kiko sebuleni. Nilimweleza yote, hata habari za Mwingereza, kama kwamba zingemsaidia. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mi nilizani ni vile munafanyaka huku Amerika," alisema mwishowe. "Nilisema, bon, kila inchi na desturi yake."

Nikasema hapana, haikuwa desturi ya mtu yeyote.

"Kwetu mwenye kufiwa anasemaka wa kwanza. Anasema jina ya mutu wake, batu banaitikia. Mi nilingoja pale ku mulango. Wakati zamu yangu ilifika, batu balikuwa banavaa makoti, banaenda kazi. Donc, basi, sikusema."

Hilo sikuwa nalijua. Ni kweli watu waliondoka haraka, nami nilikuwa miongoni mwao. Ila kwenye muhtasari wa siku ile, ule wa kweli, niliandika: "Mfiwa aliwashukuru wote." Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo inavyoandikwa siku zote.

Niliomba radhi. Mzee hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema amesikia. Akanisindikiza mpaka nje, kwenye mvua, bila koti.

Nilipofika nyumbani niliandika kwenye kikundi, sentensi nne tu. Azimio lile ni uongo. Nililitunga mimi nikiwacheka. Mzee Yakobo amekosewa kwa sababu yangu. Naomba radhi.

Wakasoma. Hakuna aliyejibu. Nimekaa saa nzima natazama simu kama mgonjwa anayengoja majibu ya daktari, nikiwaza wakinitoa kwenye kikundi nitabaki na nani. Nitabaki na binamu wa Columbus, basi. Nimerudi Buffalo bila kuondoka Beechmont, na safari hii hata vitabu sina hamu navyo.

Kisha Mama Furaha akapiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, maana yeye ndiye niliyemlenga na sasa anajua. Hakutukana. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, tulikukosea nini?"

Nilitafuta. Ni watu hawa walioniletea supu wiki nzima nilipougua mgongo. Krismasi hawajawahi kuniacha nile peke yangu. Nilikuwa nawacheka kwa sababu kuwacheka ni rahisi kuliko kukiri ninavyowahitaji.

"Hakuna, Mama," nilisema. "Hamkunikosea kitu."

"Bon. Siku ya Samedi tunarudi kwa Mzee, tunalia upya. Yeye ndiye atasema wa kwanza." Akaongeza: "Na weye kuya. Lakini usilete kalamu."

Miaka yote hii nimeingia kwenye kila kilio chao na daftari mapajani. Jumamosi sijui mikono yangu nitaiweka wapi.