Gari la Kijapani Nje ya Uzio Wetu

Tabora, Ng'ambo. Jumapili jioni.

Leo jua limetuchoma tangu asubuhi, na mawingu yamejikusanya upande wa Nzega bila kutoa hata tone. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo, umejaa lakini haujamwaga.

Daftari hili aliniachia binti yangu Veronika, aliyeko kwa masista akisomea uuguzi. Alisema, mama, andika siku zako, nikija likizo nitasoma. Mimi shule nilikaa miaka miwili tu, na nilichofundishwa kuandika ni barua. Kwa hiyo naanza kwa salamu, maana sijui mlango mwingine wa kuingilia.

Pokea salamu zetu, Veronika. Sisi wote hatujambo. Baba yenu hajambo, ila goti linamuuma mvua ikikaribia. Kaka yako Anselmi hajambo, amekonda kidogo kwa mawazo. Wifi yako Theresia hajambo, maziwa yanatoka vizuri. Mtoto wao Mihayo hajambo, ameota jino la pili na ameniuma kidole. Shangazi yako wa Igalula hajambo. Mzee Salehe, fundi cherehani, mtani wetu, naye hajambo, anasema ukirudi umejifanya Mzungu atakutoza jogoo. Kuku wawili wamechukuliwa na mwewe. Waliobaki hawajambo.

Sasa niseme ya leo kabla mkono haujachoka.

Kaka yako amepata gari. Ni la Kijapani. Ni fupi, kichwa chake kama kinyago, na nyuma lina sanduku la kubebea mizigo. Amelipata kupitia kwa Kalasinga wa gereji anakofanya kazi, kwa kushirikiana na rafiki yake. Anataka kubeba abiria na karanga kati ya hapa na Nzega. Wiki ya tatu sasa linalala nje ya uzio wetu wa minyaa kama mgeni asiyekaribishwa, maana siku ya kwanza tu baba yako alisema, "Kitu cha Mjapani hakiingii kwangu." Alisema mara moja. Unamjua, si mtu wa kurudia.

Ninyi watoto mnajua nusu tu ya habari. Mnajua kwamba baba yenu alikwenda vita vya Burma na mdogo wake Mihayo, na kwamba alirudi peke yake. Nusu nyingine hata mimi sikuijua mpaka leo. Nilichojua ni kwamba mwaka aliorudi alikuwa akiamka anapiga ukuta, na kwamba hakuwahi kwenda Ziba kwa mjane wa mdogo wake. Kila mwaka alisema atakwenda baada ya mavuno. Matanga ya Mihayo hayakukaliwa. Tungekaa vipi, na hakuna mwili wala kaburi?

Naungama jambo. Gari hilo nimelipanda.

Jumatano iliyopita nilimwambia baba yenu nakwenda kusafisha kanisa. Kanisa nilisafisha kweli, ila upesi. Anselmi alikuwa akinisubiri nyuma ya soko, akanipeleka Igalula kwa shangazi yenu na kunirudisha. Mungu anisamehe, nilifurahi kama msichana. Asubuhi ukiliamsha linaitika mara moja, halikohoi kama lile lori la misheni linalosukumwa na wanakwaya. Kiti chake ni kigumu kama benchi la kuungamia, lakini unakaa juu, unaona mashamba ya watu mpaka ndani na nani hajapalilia. Mlango ukiufunga unatoa sauti ndogo ya adabu. Nilifungua nikafunga mara tatu, Anselmi akacheka. Kwenye ule mchanga kabla ya reli tulikuta lori la tumbaku limezama mpaka kwenye ekseli. Sisi tukapita pembeni polepole, kama mbuzi anavyopita jiwe.

Shida ni vipuri. Kioo cha taa moja kimevunjwa na jiwe, tunaambiwa tungoje meli. Basi kwa sasa lina chongo. Mjini wanalicheka, wanaliita kopo la samaki, wanasema likinyeshewa litayeyuka. Anselmi analifuta kwa kitambaa tu.

Njiani alinieleza habari za watu wanaolitengeneza, alivyosikia kwa Kalasinga. Kumbe mwanzo hawakuwa watu wa magari kabisa. Mzee wao alikuwa seremala, mtoto wa kijijini, akitazama wanawake wa kwao wanavyochoka kufuma nguo kwa mkono, ndipo akatengeneza mitambo ya kufumia. Mwanawe ndiye aliyegeukia magari. Vita vilipokwisha nchi yao ilikuwa majivu na njaa, wakaanza tena na vigari vidogo, kisha wakatengeneza hili lenye nguvu, wakalijaribu kwa kulipandisha mlima wao mrefu kuliko yote.

Niliposikia neno kufuma, nikakumbuka. Kitambaa nilichoolewa nacho kilikuwa cha Kijapani! Baba yenu mwenyewe alikichagua dukani, kabla ya vita, cheupe chenye mistari ya buluu. Nilikivaa, nikambebea Anselmi mgongoni, nikambebea na wewe mpaka kikawa matambara. Wakati ule hakuna aliyemchukia Mjapani. Nani alimjua?

Nilitaka kumkumbusha baba yenu hilo. Sikuthubutu.

Basi jana Anselmi akaja kuniambia kwamba amechoka. Amepata chumba Nzega. Atahama na mke na mtoto, atafanyia kazi huko huko, atakuja Pasaka na Krismasi. "Mama, sigombani na baba," akasema. "Ila siwezi kila jioni kuliacha gari langu nje kama mbwa." Nikamwambia subiri. Akasema amesubiri wiki tatu. Na mimi nilimwona usoni, ni uso ule ule wa baba yake. Hao wawili wakiachana hivi, kila mmoja atangoja mwenzake aanze, na mimi nitakufa nikingoja.

Usiku sikulala. Nani wa kumwambia mume wangu? Padri alijaribu, akaitikiwa "ndiyo baba" na mambo yakabaki pale pale. Mimi mkewe nikizidisha neno atanyamaza mwezi mzima. Ndipo nikafikiri: mtani. Mzee Salehe ni Mzaramo, alikuja na reli akiwa kijana, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani. Mtani anaweza kukwambia lolote, na ukikasirika aibu ni yako.

Leo baada ya misa nilipita barazani kwake, nikamweleza yote. Baba yenu hajui kwamba ni mimi. Ukisoma hapa, Veronika, usimwambie.

Saa nane mchana gari lilikuwa limepakiwa. Kitanda, masufuria, mafurushi, na Theresia analia pembeni na mtoto mgongoni. Baba yenu amekaa uani kwenye kiti chake cha ngozi, ametazama upande mwingine. Mara nikamwona Mzee Salehe anaingia na kanzu yake ya Ijumaa, na leo ni Jumapili.

"Inuka," akamwambia baba yenu, bila hodi wala salamu.

"Kwa nini niinuke?"

"Nataka kiti."

Baba yenu akainuka akidhani mgeni anataka kukaa. Salehe akakibeba kiti begani, akatoka nacho nje ya uzio, akakipandisha nyuma ya gari juu ya mafurushi, akapanda na yeye, akakaa. Mzee wa umri ule! Kanzu imepanda mpaka magotini.

"Haya dereva, twende," akasema. "Kiti nimekitwaa, na gari ni langu. Huyu amelikataa, halina mwenyewe."

Baba yenu akatoka mbio, goti likiwa limesahauliwa. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika karibu na gari lile. "We Mzaramo! Shusha kiti changu!"

"Njoo ukichukue, mbeba mizigo wewe. Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani, wewe kiti chako mwenyewe kinakushinda?"

"Babu yangu alibeba. Wako alikuwa wapi? Anacheza ngoma akingoja aletewe!"

"Na walipofika kwetu walipigana na wa kwetu, wakauana. Sivyo? Mbona leo unakula wali wangu wa Idi mpaka sahani unailamba?"

Watu walikuwa wameshaanza kusimama. Theresia ameacha kulia. Baba yenu akasema, kwa sauti nyingine sasa, "Hilo si sawa na hili. Hawa walimuua mdogo wangu."

Salehe hakucheka tena. Akauliza, "Ulimzika?"

Nilisikia hata injini inavyotoa mlio wa kupoa, tik, tik, maana Anselmi alikuwa ameshaiwasha na kuizima.

Baba yenu alishika ubavu wa gari. Akasema hakumzika. Walirudishwa nyuma kutoka kwenye kilima walichokuwa wakikipigania, Mihayo akabaki juu. Siku ya nne wakapanda tena. Akamtafuta, akakuta kaburi limefukiwa vizuri, na kofia yake imewekwa juu na jiwe ili isipeperuke. Wenzao hakuna aliyekuwa amefika pale. Waliokuwa pale siku zote nne ni Wajapani peke yao.

Miaka yote hii. Nimelala naye kitanda kimoja, sijawahi kulisikia hilo.

"Basi Mnyamwezi wangu," Salehe akasema polepole, "mtu aliyepigana na wewe, halafu akakuzikia maiti yako, anaitwa nani? Msiba wa kwako, anayechimba kaburi ni nani? Si mimi? Huyo naye ni mtani wako. Umemnunia miaka yote na kumbe kazi ya utani alishaifanya."

Nilidhani baba yenu atampiga. Badala yake akaanza kulizunguka gari taratibu, akilitazama kwa mara ya kwanza, mbele, chini, nyuma. Akalipiga teke gurudumu.

"Wewe Mjapani," akaliambia, "una miguu kama bata. Chongo wewe! Nani alikufundisha kuja kwa watu bila taa?"

Watu wakaangua kicheko. Anselmi hakuelewa, alidhani anatukanwa yeye, uso ukamwiva. Mimi nikamkanyaga mguu. Mwanangu huyu amekulia gereji, hakujua kwamba kwa mtani matusi yale ndiyo karibu.

"Unajua Ziba?" baba yenu akamwuliza Anselmi.

"Najua, baba."

"Shusha mizigo. Tunakwenda kwa mke wa baba yako mdogo, tukamkalie mdogo wangu matanga. Huyu Mzaramo atakuja, maana msiba bila mtani si msiba. Na kiti changu kibaki hapo hapo nyuma, akikalie yeye, avunjike mgongo."

Mizigo wameishusha ndani ya uzio. Baba yenu mwenyewe aliondoa ule mti unaoziba lango na kulielekeza gari kwa mkono, njoo, njoo, kama anayeingiza ng'ombe. Wakashusha, likatoka tena. Mimi nilikimbilia jikoni nikawafungia viazi vikavu na karanga na chupa ya maji. Baba yenu alipanda mbele. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

Walipokata kona nilirudi uani, nikayafungua mafurushi yote, moja moja. Masufuria nimeyapanga kwenye uchaga. Kitanda nimemwita jirani tukakiingiza. Theresia akaniuliza, "Mama, hatungoji Anselmi aseme?" Nikamwambia, mwanangu, tundika nguo.

Sasa jua linazama na yale mawingu yamekuwa meusi. Naogopa mvua, naogopa ile mito baada ya Nzega, naogopa ile taa moja. Naogopa pia furaha hii, maana sijui kama baba yenu ataweza kumtazama yule mjane usoni. Atamwambia nini kwanza, habari ya kilima au habari ya kofia? Na mimi, je, nilifanya vema kumchokoza mtu na kidonda chake? Nadhani ndiyo.

Kesho alfajiri basi la Nzega linaondoka, na utingo wake namfahamu. Nitampa karatasi, amkabidhi yeyote anayeelekea Ziba. Nimeshaiandika, ni fupi:

Anselmi mwanangu, huku nyumbani salama, mkeo na mtoto hawajambo. Nitumie neno upesi, hata kwa lori la pamba, usingoje mpaka mrudi. Usinieleze ya gari. Niambie kama baba yako amelia.