Haibridi ya Msimu wa Pili

Jumamosi, 7 Novemba 2009
Leo tumeenda yadi ya magari ya Mathenge, hapa Kitale. Harrier nyeusi, haibridi. Inatumia petroli kidogo, ikishuka mlima inajitengenezea stima. Mathenge ameiwasha – kimya. Nikadhani anatuchezea. "Imewaka hiyo, mama," akasema, na ikaondoka kama paka. Nimeipenda mpaka nikaona haya.

Wamalwa, mume wangu, alikaa kwa usukani dakika ishirini. Yeye ni wa ofisi ya maji, Bungoma. Miaka minne analala huko, chumba cha kupanga. Nyumbani ni wikendi tu. Mtoto wetu Kizito humwamkia kama mgeni. Tukipata gari lisilo na kiu, atarudi kila jioni. Hilo ndilo tunalotafuta, rangi ni mapambo.

Jumapili, 8 Novemba
Mama amekuja kutoka Saboti. Mahindi yake ndiyo yatanunua nusu ya gari, kwa hivyo bila yeye hakuna safari. Nimemwambia ni haibridi, imetumika Japani miaka minne.

Akaweka kikombe chini. "Haibridi ya msimu wa pili? Na wewe Bilha ndiye unauza mbegu?"

Kila Machi nawaambia wateja dukani: mahindi ya haibridi usiyapande tena msimu wa pili, utavuna magunzi. Nikaeleza – mashine mbili, ya petroli na ya stima. "Si basi imechanganywa mbegu," akasema. "Hiyo ya stima ndiyo itaanza kufa." Baadaye jikoni Wamalwa, mwenye diploma, ananiuliza polepole: ati betri si ndiyo ya msimu wa pili?

Jumatano, 11 Novemba
Wamalwa amepiga simu. Kuna Kluger inauzwa huko Bungoma, ya mwalimu Peris, haibridi pia. Viti saba. Mathenge ana kijitabu chenye zote mbili. Ni cha Kijapani, lakini picha nazisoma vizuri. Injini ni ileile. Harrier ni suti ya harusi. Kluger ni koti la kazi, mifuko kila mahali.

Jumamosi, 14 Novemba
Bungoma. Mama amepanda Kluger, kiti cha nyuma kabisa, akajifunga mkanda. Wamalwa akaendesha, Peris kando yake. Karibu na Chwele ng'ombe wa soko wakaziba barabara. Tukasimama, gari likanyamaza. Wamalwa akashuka mbio, akafungua boneti.

"Haijazima, bana," Peris akacheka. "Imetulia tu. Rudi ukanyage."

"Betri ni ileile ya Japani?" Mama akauliza.

"Ileile, mama. Misimu miwili kwangu, mitatu huko."

Mama akaomba dirisha lifunguliwe, akaanza kupungia watu wa Chwele mkono.

Sasa tuko nje ya chumba cha Wamalwa, naandika juu ya magoti. Amelaza viti vya katikati, anapima kwa mikono.

"Unapima magunia?" nikamuuliza.

"Kitanda. Kirudi Kitale," akasema, bila kuniangalia.

Hakitoshi. Lazima kiti cha nyuma, alichokalia Mama, nacho kilale. Peris anauliza, kwani mmeamua? Wamalwa anamsihi Mama ashuke kidogo tu. Mama anasema yeye ameshakaa, kitanda kifungwe juu.